Hotuba ya Mwenyekiti: Bei ya Fulana za Kuchapa



Ya akiba mhasibu ameshasema. Sisi tunasema la fulana. Tulipoziweka mtandaoni tulitangaza bei moja, iwe rangi moja au tatu. Kumbe kila rangi ina fremu yake, na fremu ya fulana sita gharama ni ile ile ya fulana hamsini. Harusi moja ya fulana sita, rangi tatu, ilikula faida ikagusa na hisa. Aibu gani ile!

Sasa tumeigawa bei: fulana peke yake, fremu kwa idadi ya rangi, jina la mtu mbali. Mteja anajumlisha mwenyewe kabla hajaagiza. Wengine wanaghairi, waende salama. Fulana yenye jina la mtu hainunuliki na mwingine, kwa hiyo nusu tunaipokea kwanza, hata kwa shemeji.