Nguo Zilizomo Sandukuni



Makutano walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaagiza kufunga. Aliwapa habari ya kanzu: mwenye mbili amgawie asiye nayo. Basi twajiuliza, ni nani kati yetu ajuaye ana nguo ngapi?

Miaka kadhaa iliyopita huko Kisanga, wilayani Kilosa, sisi tuliokuwa katika kamati ya kwaya tulipitisha sare mpya kwa ajili ya Pasaka. Tulipiga makofi, tukatangaza bei, tukaenda zetu. Mama mmoja wa sauti ya pili hakuja mazoezini wiki ile, wala iliyofuata. Tulipomwendea, tulikuta amekwisha kuuza debe tatu za mahindi ya chakula, katika miezi ile migumu kabla ya mavuno, na fedha bado haikutosha. Sandukuni mwake mlikuwamo doti mbili za kanga, blauzi nyeupe, gauni la kitenge lililochakaa makwapani, na sare yetu ya zamani, nzima kabisa. Sisi ndio tuliomwambia kwamba hana nguo.

Tuliona haya. Tukamwita fundi cherehani, naye akatandika nguo zote mkekani, akazigeuza ndani nje, akakagua mishono. Gauni alilikata kiunoni: chini ikawa sketi, na mgongoni palipokuwa pazima akapata kitambaa cha kichwa. Kisha akatuonyesha hesabu ya kanga. Doti mbili ni vipande vinne. Ukifunga kimoja kiunoni na kujitanda kingine, ukichanganya, unapata mavazi manne, na blauzi ni ile ile. (Mama zetu wa pwani watatikisa kichwa, maana kwao kanga hupendeza kipande kikiwa na pacha wake. Tunawaheshimu, lakini huku bara tumesamehewa.)

Wala ufundi huu si mpya. Wenye umri wetu wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, foleni za kanga na maduka matupu, kabla milango ya biashara haijaanza kufunguliwa mwaka 1984. Kola ya shati iliyolika ilifumuliwa ikageuzwa, upande wa ndani ukawa wa nje. Suruali ya baba ikawa kaptura ya mtoto wa shule, na mabaki yakawa kiraka. Baadaye mitumba ikaja marobota kwa marobota, nasi tukaisahau sindano. Hatuilaumu mitumba, imewavika wengi. Tunachosema ni kwamba kabla hujaenda gulioni na fedha ya mbegu, toa kwanza vilivyomo sandukuni, uvitandike pamoja, uvitazame.

Siku ya Pasaka kwaya iliimba kwa sketi za rangi mbalimbali, kila mmoja aliyonayo, blauzi nyeupe, na shingoni utepe wa kitambaa kimoja. Mita tatu ziliwatosha wote. Mama yule alisimama mstari wa mbele. Mahindi yake yalikuwa yamekwisha kupakiwa lorini. Tulichanga tukampelekea debe mbili.