Sauti Nzito Nayo Ina Nafasi Yake



Mwaka 1973, nikiwa kidato cha pili, sauti yangu ilivunjika. Nikatolewa kwenye kwaya, na wenzangu wakaniita Ngurumo. Kwa miezi mingi sikujibu swali darasani.

Jioni moja mwalimu alitupigia santuri ya King Crimson ya mwaka 1969. Mwimbaji alikuwa Greg Lake, mzaliwa wa Poole, Uingereza. Katika muziki ule wa roki ya progresivu, Jon Anderson wa Yes alisifiwa kwa kupanda juu. Lake alikaa chini, akatulia, wala hakuona haya. Mwaka 1972 bendi hiyo hiyo ilimchukua John Wetton, naye wa sauti nzito. Hata Wetton alipoondoka kundi la Asia mwaka 1983, aliyeitwa kuziba pengo jukwaani Tokyo ni Lake.

Kesho yake nilirudi kwaya, nikaomba besi.

Vijana, sauti ikishuka usiifiche. Asubuhi tulipoimba wimbo wa shule, ile ngurumo ya nyuma ilikuwa yangu.