Rafiki Hupatikana Kazini

Msikilizaji wa Umoja, Dandora na Kayole, kijana hapati marafiki kwa kuambiwa atafute marafiki wazuri. Anawapata kwa kufanya jambo pamoja nao. Tazama MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare kilichoanzishwa mwaka 1987. Pale timu hupata pointi uwanjani, na hupata nyingine kwa kuzoa takataka mtaani. Mliyeshika naye ufagio Jumamosi atakuulizia ukikosekana. Utasema hata kwenye kona ya mtaa kuna marafiki. Ni kweli, na wengine ni wa dhati. Lakini kona haina mtu mzima wa kuuliza, na msichana huko hana nafasi. Masomo je? Jioni mbili za shughuli kama hizo kwa wiki haziui masomo, nao upweke haujawahi kumsaidia mtu kusoma.

Basi mzazi, wiki hii nenda na mwanao kwenye kituo cha vijana kilicho karibu. Muulizie msimamizi. Uliza wanafunga saa ngapi, na wasichana wamepangiwa nini. Kisha mwache achague mwenyewe: mpira, maigizo au muziki. Nawe kijana, siku ya kwanza huenda usimjue mtu. Rudi tena. Shika kazi pamoja na wenzako wa pale.