Saini ya 2017
Mgomo wa madaktari wa Kenya wa 2024 ulidumu siku 56, na kiini chake kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi. Mkataba wa 2017 kati ya serikali na madaktari uliwapa takribani shilingi 206,000 kwa mwezi. Serikali ikataka kuwapa 70,000, ikisema haina fedha. Mwanagenzi ndiye anayempokea majeruhi wa ajali saa tisa usiku, akamtoa damu ya vipimo, akampigia simu bingwa, kisha asubuhi akazunguka wodi kabla hajalala. Kumhesabu kama mwanafunzi wa kupewa posho ni dhuluma, amekwisha kuhitimu. Ilichukua hadi Desemba mwaka huo wa 2024, mgomo ukiwa umekwisha, serikali kukubali kulipa kiwango ilichokitia saini yenyewe. Wagonjwa waliokosa matibabu wiki zile nane, nani atawafidia?