Ukiungua Kidogo Jikoni

Leo tunaingia jikoni. Tutazungumza juu ya kuungua, si yale majanga ya nyumba kuteketea, bali kuungua kwa kila siku. Uji umeruka kutoka kwenye sufuria ukamwangukia mama mkononi. Mtoto ameshika ukingo wa jiko la makaa. Umefunua githeri na mvuke ukakupiga.

Jambo hili likitokea, kila jirani huwa daktari. Mmoja ataleta dawa ya meno, mwingine unga, wa tatu ute wa yai, na hakosi mtu wa kutaja mafuta ya taa. Wanakutakia mema, lakini wakati wanapotafuta vitu hivyo, ngozi yako inaendelea kupikwa. Ndiyo, nimesema kupikwa. Ukiondoa mkono kwenye sufuria, joto halitoki papo hapo. Hubaki ndani ya ngozi likizidi kwenda chini, kama wali unavyoendelea kuiva hata baada ya kuepuliwa.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni maji baridi ya kawaida. Yatiririshe mahali palipoungua kwa dakika 20. Wengi wetu hunawa kidogo, maumivu yakipungua tunarudi kupika. Tafadhali tazama saa. Hata kama ajali ilitokea saa moja iliyopita, usikate tamaa. Maji bado yanasaidia ndani ya saa 3 za kwanza.

Utaniambia, "Lakini sisi maji tunanunua kwa mtungi." Ni kweli, na si wewe peke yako. Mtungi wa lita 20 unakupa lita moja kwa kila dakika, ukimwaga taratibu kwa kikombe. Kama huna hata hayo, tia maji safi kwenye beseni utumbukize mkono, nayo yakipata joto uyabadilishe. Barafu usiweke, kwa maana baridi kali huumiza ngozi iliyokwisha kuumia. Na akiwa ni mtoto mdogo, poza jeraha tu. Mwili uliobaki umfunike leso au blanketi asishikwe na baridi.

Vua pete, bangili na saa mapema kabla mahali hapo hapajavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute.

Sasa turudi kwa wale majirani. Dawa ya meno huhisi baridi kwa sababu ya mnanaa uliomo, lakini joto liko pale pale. Samli na mafuta ya kupikia hulifungia joto ndani. Yai bichi huweza kuleta vijidudu. Mafuta ya taa huchoma ngozi, tena yanashika moto! Unga nao hugandamana na jeraha, na muuguzi hana budi kuuosha wote kabla ya kuona kilichoko chini. Mtoto aliyeungua akioshwa hivyo huumia mara ya pili.

Mshubiri je? Huo una nafasi yake. Baada ya kupoza kwa maji, ute wa ndani ya jani unaweza kutuliza ngozi iliyokuwa nyekundu tu, bila kuchubuka. Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda uache, kwani unawasha. Asali nayo hutumika kutibu majeraha ya moto hospitalini, lakini ni ile iliyotayarishwa kwa kuuawa vijidudu, si ya chupa ya mezani.

Malengelenge yakitokea, usiyatoboe. Ngozi ile ya juu ni bandeji isiyonunuliwa. Funika kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi, bila kukaza. Pamba usiweke, hunasa kwenye kidonda. Kwa maumivu, parasetamoli yatosha.

Nani asibaki nyumbani? Aliyeungua mahali pakubwa kuliko kiganja chake mwenyewe. Aliyetoka malengelenge usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye viungo. Aliyeunguzwa na stima au tindikali, au aliyevuta moshi. Mtoto mchanga, hata kama ni kidogo. Na mtu ambaye ngozi yake imekuwa nyeupe au nyeusi na anasema haumwi: huyo asikufurahishe, moto umekwisha kufika kwenye mishipa ya fahamu. Mpoze, mfunike, mpeleke. Ukifika huko uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Jeraha la nyumbani litazame kila siku. Wekundu ukienea, pakitoa usaha au harufu, au homa ikipanda, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Juma lijalo, wakati kama huu, tutazungumza juu ya mtoto aliyemeza mafuta ya taa. Kwaherini.