Muda wa Kufikiri: Wazee, Utapeli na Wajibu wa Wanaobeba Fedha

 

Mwaka 2022 simu za wazazi wengi wa Australia zilipokea ujumbe wa aina moja: Mama, simu yangu imeharibika, tumia namba hii kwa sasa. Mzazi akijibu, mazungumzo yanaanza kwa upole. Baada ya muda mfupi "mtoto" ana bili ambayo lazima ilipwe leo, naye hawezi kuingia kwenye akaunti yake. Tume ya Ushindani na Walaji, ACCC, ilitoa tahadhari, na utapeli huo ukajulikana nchi nzima kwa jina la "Hi Mum". Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tuliutambua mara moja. Tanzania, ni nani mwenye simu ambaye hajawahi kuletewa meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii"? Kenya nako watu wamezoea kupigiwa na mtu anayelia kwamba ametuma fedha kimakosa na anaomba arudishiwe haraka, kwa jina la Mungu.

Ujumbe huo haumtafuti mjinga. Unamtafuta mama. Unamnasa mtu ambaye akisikia mwanawe amekwama hawezi kukaa kitako, na mtu wa namna hiyo ndiye tuliyemsifu maisha yetu yote. Kwa hiyo sikubaliani hata kidogo na desturi ya kumsema mzee aliyetapeliwa kana kwamba amepungukiwa na akili. Alifanya jambo jema, na kuna mtu aliyelitega.

Hoja yangu jioni hii ni kwamba kitu cha kwanza anachoibiwa mzee ni muda. Fedha huibwa baadaye. Anayejifanya polisi humwambia asikate simu. Anayejifanya afisa wa benki humwambia akaunti yake inachotwa sasa hivi, ahamishie fedha kwenye "akaunti salama" kabla hazijaisha. Anayeuza uwekezaji wa uongo humwambia nafasi inafungwa leo saa kumi na moja. Kila mmoja anamnyang'anya mzee dakika zile ambazo angeweza kumuuliza jirani, au kumpigia binti yake, au kutembea tu mpaka jikoni akanywa maji na kutafakari. Ukimrudishia dakika hizo, utapeli mwingi unakufa wenyewe.

Sasa tuangalie jinsi dakika hizo zilivyopotea, maana hazikupotea kwa makosa ya wazee.

Februari 2018 Australia ilizindua mfumo mpya wa malipo unaohamisha fedha kutoka benki moja hadi nyingine kwa sekunde chache, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu. Kabla ya hapo fedha zingeweza kuchukua siku nzima au zaidi njiani, na mtu aliyeshtuka jioni aliweza kukimbilia tawini asubuhi na kuzizuia. Mfumo huo una manufaa makubwa kwa fundi na mwenye duka. Lakini mlango ule wa kurudi nyuma ulifungwa, na hakuna aliyemuuliza mstaafu wa Parramatta, hapa Sydney, kama alihitaji kasi hiyo.

Liko pia suala la jina, nalo linaniuma zaidi. Kwa miaka mingi, ukituma fedha kwa benki za hapa, mfumo ulisoma namba ya tawi na namba ya akaunti tu. Sehemu ya jina ungeweza kuandika chochote. Mzee aliandika jina la mwanawe, fedha zikaenda kwa mgeni, na mashine haikusema neno. Bibi anayeuza mchicha katika soko la Kariakoo au la Gikomba akituma fedha kwa simu huletewa kwanza jina la mpokeaji, ndipo alithibitishe. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 ikiwahudumia watu ambao wengi wao hawakuwa na akaunti ya benki, na ukaguzi wa jina umekuwa kitu cha kawaida huko kwa miaka mingi. Benki kubwa za nchi hii tajiri zimeanza kuuweka miaka hii ya karibuni tu. Uwezo wa kuuweka ulikuwepo. Lililokosekana ni sababu ya kujisumbua, kwa kuwa hasara haikuwa yao.

Hilo si neno langu peke yangu. Aprili 2023 ASIC, mamlaka inayosimamia kampuni na huduma za fedha, ilichapisha uchunguzi wake kuhusu benki nne kubwa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2022 wateja zaidi ya 31,000 walipoteza zaidi ya dola milioni 558 kwa matapeli. Benki ziliwarudishia kati ya asilimia 2 na 5 ya walichopoteza. Ukijumlisha yote, asilimia 96 ya hasara ilibebwa na mteja. Desemba 2024 mamlaka hiyohiyo iliishtaki HSBC Australia mahakamani, na katika madai yake ilisema benki hiyo ilitumia wastani wa siku 145 kuchunguza taarifa za malipo ambayo wateja hawakuyaidhinisha. Fedha huondoka kwa sekunde, jibu huja baada ya karibu miezi mitano. Ucheleweshaji upo, ila umewekwa mahali pasipostahili.

Hali imeanza kubadilika, na ni haki kusema hivyo. Julai 2023 serikali ilianzisha Kituo cha Taifa cha Kupambana na Utapeli chini ya ACCC, kinachounganisha taarifa za benki, kampuni za simu na polisi. Hasara zilizoripotiwa nchini zilikuwa dola bilioni 3.1 mwaka 2022, zikashuka hadi bilioni 2.74 mwaka 2023 na takriban bilioni 2 mwaka 2024. Juni 2023 Commonwealth Bank ilianza kuzuia kwa saa 24 baadhi ya malipo yanayoelekea kwenye masoko ya sarafu za kidijitali. Saa 24! Mzee analala, anaamka, anasali, anamsimulia mtu. Mimi naona hatua hiyo inazidi semina nyingi za uelimishaji tulizowahi kuwapeleka wazee wetu.

Februari 2025 Bunge lilipitisha sheria ya mfumo wa kuzuia utapeli. Inazitaka sekta zitakazotajwa chini yake, ambapo benki, kampuni za simu na mitandao ya kijamii ndizo zilizopangwa kuanza, zizuie utapeli, ziugundue na ziutolee taarifa. Kampuni inayozembea inaweza kutozwa faini ya mamilioni ya dola. Lakini mzee aliyeibiwa harudishiwi fedha zake moja kwa moja. Inambidi aonyeshe kwamba kampuni ilishindwa kutimiza wajibu wake. Uingereza iliamua vingine: tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mteja aliyedanganywa akatuma fedha kwa mtapeli kupitia mfumo wa malipo ya haraka hurudishiwa na benki, hadi pauni 85,000, isipokuwa kwa sababu chache zilizoainishwa. Nadhani Uingereza ndiyo iliyoamua sawasawa. Benki ikijua kwamba hasara itarudi kwake, itatafuta yenyewe njia ya kuizuia.

Niseme na nyumba zetu. Mama akishatapeliwa, watoto hukutana na kuamua kumchukulia kadi na simu. Wanafanya kwa mapenzi, na mara nyingine wanafanya kwa mapenzi ya fedha zake. Utafiti wa kitaifa wa hapa Australia uliochapishwa Desemba 2021 ulikuta kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 65 na zaidi alikuwa ametendewa unyanyasaji wa aina fulani katika mwaka mmoja, na watoto wa kuzaa walikuwa kundi kubwa kabisa la waliotajwa. Hati ya kumpa mtu mamlaka juu ya mali ya mzazi ni chombo kizuri mikononi mwa mwaminifu. Mikononi mwa asiye mwaminifu, inafanya polepole kazi ambayo mtapeli anaifanya kwa siku moja. Hapa New South Wales iko Tume ya Wazee na Watu Wenye Ulemavu, iliyoanza Julai 2019, nayo hupokea malalamiko hata dhidi ya ndugu. Msiogope kuitumia. Mama aliyeshika funguo za kasha la familia kwa miaka hamsini hastahili kuomba nauli kwa mwanawe kwa sababu alidanganywa mara moja.

Anachohitaji ni mtu wa kumwambia bila kuchekwa. Matapeli wanajua thamani ya aibu: waliokwisha kuibiwa hupigiwa tena na "wakala" anayeahidi kuwarejeshea fedha kwa ada ndogo. Mzee aliyeficha hasara ya kwanza hana wa kumuuliza kuhusu ahadi ya pili.

Tuwatazame pia wanaoandika meseji za utapeli. Agosti 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na 100,000 hivi Kambodia huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kutapeli kwa mtandao. Miongoni mwa waliookolewa wamo vijana wa Kenya, Uganda na Ethiopia walioahidiwa kazi Thailand. Inawezekana kabisa kwamba bibi wa Sydney magharibi ameibiwa na kijana wa Nakuru aliyenyang'anywa pasi yake ya kusafiria na kupigwa kila asipofikisha kiasi alichopangiwa. Wote wawili wametekwa, na anayetajirika hayumo katika mazungumzo hayo.

Turudi hapa nyumbani: katika kanuni za utekelezaji wa sheria ya 2025 ndipo sisi tunapopaswa kusikika. Tudai kwamba malipo makubwa ya kwanza kwa mpokeaji mpya, kwa mteja mzee aliyekubali mpango huo, yakae saa 24 kabla ya kuondoka. Tudai mzee aweze kumtaja mtu mmoja wa kuarifiwa, asiyekuwa na uwezo wa kugusa senti yake. Tudai kurudishiwa fedha kuwe ndiyo kanuni, na kukataliwa ndiko kuhitaji maelezo. Na huduma ya wakalimani ya serikali, 131 450, iandikwe kwenye kila tahadhari ambayo benki inamtumia mzee, ili aulize kwa Kiswahili siku hiyohiyo, bila kumsubiri mjukuu atoke shule amtafsirie.