MASHINE YA MAJANI IKIGOMA KUWAKA

(Maneno ya Kamati ya Mashine mbele ya mkutano wa wanachama, Makandana. Yanabandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Tumepewa nafasi tuzungumze juu ya mashine yetu ya kukatakata majani ya ng'ombe. Tunajua yanayosemwa vilabuni na njiani: mashine imekufa, iuzwe, kila mtu arudi kwenye panga lake. Hoja hiyo iko mbele ya mkutano, na ni haki ya mwanachama kuitoa. Lakini kabla ya kura tuambizane ukweli. Mashine haijafa. Inagoma kuwaka asubuhi, na hilo lina sababu zinazohesabika. Masika yaliyopita ilikataa siku tatu mfululizo. Siku zile akina mama walikatakata matete kwa panga mpaka usiku, na watoto wengine wakachelewa shule. Siku ya nne ikawaka kwa kubadilisha plagi tu, kitu kidogo kuliko kidole. Sasa mtu auze mashine kwa sababu ya plagi?

Injini yetu ni ndogo, ya petroli, yenye silinda moja. Honda ya Japani iliingiza sokoni injini za jinsi hii mwaka 1983 kwa jina la GX, na siku hizi viwanda vingi vya China vinatengeneza za mfano huo. Ndugu zake mtawakuta kwenye pampu za maji na majenereta. Kule Marekani watu wenye viwanja vikubwa hukata nyasi wameketi juu ya mashine kama dereva wa trekta, na injini ya mashine ile nayo hugoma kwa sababu hizihizi. Kwa hiyo msidhani tumerogwa sisi peke yetu.

Jambo la kwanza ni kamba. Tumeona vijana wanavuta mara thelathini, mara arobaini, wanapokezana kama watu wanaovuta gogo. Acheni! Ukivuta mara tatu au nne bila jibu, simama. Kuvuta zaidi kunaongeza petroli ndani ya silinda, plagi inalowa, na kamba inakatika. Kamba mpya ni fedha ya chama.

Ukisimama, tazama kwanza mashine imekaaje. Hapa kwetu ni milima mitupu, kiwanja cha tambarare ni cha kutafuta. Chini ya injini, ndani ya oili, injini nyingi za namna hii zina swichi ndogo ya kulinda. Oili ikipungua, swichi hiyo inazima cheche ili injini isijiue. Lakini mashine ikiinama kwenye mteremko, oili inakimbilia upande mmoja na swichi inadhani oili imekwisha. Hapo vuta hadi jioni, haitawaka. Isogezwe mahali sawa, fungua kifuniko cha oili, hakikisha imefika ukingoni mwa tundu. Fundi mmoja alitushauri tukate waya wa swichi hiyo ili tusisumbuke. Tulikataa, na tunaomba mtu yeyote asikubali. Injini isiyo na oili husaga pistoni yake kwa dakika chache, na hiyo ndiyo itakuwa kufa kweli.

Tazama pia visu. Mtu akimaliza zamu yake akaacha majani ya Guatemala yamekwama kwenye visu, anayefuata anavuta injini pamoja na mzigo. Kamba inakuwa nzito, injini haifiki mwendo wa kuwaka. Chomoa waya wa plagi kwanza ndipo uingize mkono kwenye visu. Hapa hatutanii, vidole havioti tena.

Baada ya hapo injini inadai vitu vitatu: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi chake, kubanwa kwa mchanganyiko huo ndani ya silinda (mafundi wanaita kompresheni), na cheche.

Tuanze na cheche, maana asubuhi za kwetu ni ukungu na mvua, na unyevu ndio adui wake mkubwa. Funga koki ya petroli. Fungua plagi, itazame mdomo. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya chungu, isugue kwa brashi. Ikiwa imelowa petroli, injini imekunywa kupita kiasi: ikaushe plagi, zima swichi, vuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje ili silinda ipumue. Ikiwa kavu kabisa na safi, basi petroli haifiki. Kwa hiyo plagi ni kama ulimi wa mgonjwa, daktari anaanzia hapo. Nafasi ya mdomoni kwa injini za mfano huu ni milimita 0.7 hadi 0.8. Kama huna kipimo, mlete plagi kwetu, msipige nyundo kwa kukisia.

Kujua kama cheche ipo, irudishe plagi kwenye kofia yake ya mpira, chuma cha plagi kiguse chuma cha injini, mbali na tundu la silinda na mbali na petroli iliyomwagika. Shika mpira kwa kitambaa kikavu, washa swichi, mwenzako avute. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Nyekundu dhaifu au hakuna, jaribu plagi mpya kabla ya kulaumu kitu kingine.

Sasa petroli. Hapa tunasema waziwazi: tusinunue tena petroli ya chupa kando ya njia. Mwaka 2010 EWURA ilianza kutia mafuta alama ya siri kwa sababu ya uchakachuaji, watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa. Chupa ya njiani hakuna anayeipima. Mafuta ya taa hayashiki moto kirahisi kwenye injini baridi, nayo maji yanakaa chini ya tangi na chini ya kabureta. Chini ya kabureta kuna skrubu ndogo. Ilegeze, kinga kwa kikombe cha kioo. Ukiona matone yanatembea chini ya petroli kama shanga, hayo ni maji. Mwaga mpaka itoke petroli tupu, kaza skrubu.

Petroli iliyolala mwezi mmoja na zaidi nayo huchakaa. Inaacha utando kama gundi unaoziba kitundu cha jeti, ambacho ni chembamba sana. Ndiyo maana tunataka mashine ikilala wiki nyingi, koki ifungwe na injini iachwe iunguruma mpaka ijizimie yenyewe.

Choki inachanganya wengi. Injini ikiwa baridi, funga choki. Ikikohoa tu, ifungue. Tukuyu iko futi 5,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Kyela kule chini ziwani. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani huku kwetu tayari inamwaga petroli nyingi kwa hewa kidogo. Ukiacha choki imefungwa, unaizamisha. Injini yenye joto haihitaji choki kabisa. Chujio la hewa likijaa vumbi la majani linaleta ugonjwa huohuo: sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikaushwe, itiwe oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi halioshwi, linakung'utwa au kubadilishwa.

Kompresheni tutaisema kwa kifupi. Kamba ikija laini bila kukataa mkono, kaza plagi kwanza. Kama bado laini, valvu au ringi zina kasoro, na hiyo ni kazi ya fundi. Tutamlipa fundi kwa hilo, siyo kwa kuja kufungua koki iliyosahauliwa.

Mama mmoja ameuliza kwa nini haya yote wanaambiwa vijana wa kiume tu, na wanaoleta majani ni wao. Ameuliza vizuri. Kufungua plagi hakuhitaji nguvu, kunahitaji spana yake, na spana hiyo kuanzia leo itaning'inia kwenye msumari ghalani, si mfukoni kwa mtu.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kura, tutaifungua mashine hapohapo ghalani, ikiwa baridi. Wanaotaka iuzwe ndio waje mbele, wao ndio watakaovuta kamba. Kila mmoja aje na kitambaa kikavu, na anayevuta sigara aiache nyumbani.